Kukausha bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba: shajara ya siku sitini

Siku ya 1

Bwawa letu halijawahi kukaushwa tangu tulipoanza kulitunza, na leo nimekubali kwamba haliepukiki tena. Sababu ni mbili.

Ya kwanza ni dawa. Kwa muda mrefu nimetumia vidonge vya klorini vilivyochanganywa na asidi sayanuriki, ile dawa inayoikinga klorini isiliwe na jua. Klorini hutumika ikaisha, lakini kinga yake haiishi. Kwa kila miligramu 10 za klorini zinazoingia kwenye lita moja ya maji kupitia vidonge hivyo, huingia pia takriban miligramu 6 za asidi sayanuriki, nayo hubaki. Nimepima leo, imefika miligramu 150 kwa lita. Kwa kiwango hicho klorini inakuwa kama imefungwa mikono: kipimo kinaonyesha ipo, lakini mwani unaota ukutani mchana kweupe. Hakuna dawa ya kawaida ya kuiondoa. Dawa yake ni kumwaga maji na kujaza mapya.

Ya pili ni uvujaji. Juma lililopita niliweka ndoo yenye maji kwenye ngazi ya bwawa, nikatia alama kina cha ndani ya ndoo na kina cha bwawa. Jua na upepo hunywa sawa pande zote mbili, kwa hiyo tofauti yoyote ni maji yanayotoroka. Baada ya saa 24 ndoo ilikuwa imeshuka milimita 5, bwawa milimita 11.

Siku ya 2

Hesabu kabla ya kugusa pampu. Bwawa lina urefu wa mita 8 na upana wa mita 4, kina mita 1 upande wa watoto na mita 1.8 upande wa pili, sakafu ikiteremka moja kwa moja. Wastani wa kina ni mita 1.4, kwa hiyo maji ni mita za ujazo 44.8, yaani lita 44,800. Uso wa maji ni mita za mraba 32, maana yake kila sentimita moja inayoshuka ni lita 320. Zile milimita 6 za uvujaji ni karibu lita 190 kwa siku. Lita 190 za maji safi, kila siku, zikiingia ardhini bila faida. Iliniuma kuandika namba hiyo.

Kama tatizo lingekuwa dawa peke yake, nisingehitaji kukausha. Kuishusha 150 hadi 40 kunataka kubadilisha takriban robo tatu ya maji, na robo ingebaki chini. Lakini ufa siuoni, na kila dalili inaonyesha uko sakafuni upande wa kina kirefu. Ufa wa huko hauzibwi ukiwa majini na ukadumu.

Siku ya 3

Nilikuwa nimepanga kuanza kesho. Pampu ya kuzamisha iko tayari, mpira wa maji upo. Nikampigia simu fundi mzee aliyewahi kujenga mabwawa mengi, nimuulize tu kuhusu saruji ya kuzibia.

"Shikamoo, mzee. Nakausha bwawa kesho, nataka ushauri wa ufa."

"Marahaba. Umepima maji ya ardhini?"

Nikamwambia sijapima.

"Basi usimwage hata ndoo. Mwanangu, bwawa ni mtumbwi uliofukiwa. Maji yaliyomo ndani ndiyo shehena yake. Ukishusha shehena na chini kuna maji, mtumbwi unaelea."

Nilidhani anatia chumvi. Usiku nikakaa na karatasi, na hesabu ikanikosesha usingizi. Zege la kuta na sakafu lina unene wa sentimita 15. Lote likijumlishwa ni kama mita za ujazo 10, uzito wake karibu tani 24. Maji yaliyomo ni tani 44.8. Yaani theluthi mbili za uzito unaolishikilia bwawa chini ni maji yenyewe. Kanuni ya Archimedes haichagui meli na bwawa: kitu husukumwa juu kwa uzito wa maji kinayoyahamisha. Maji ya ardhini yakijaa hadi ukingoni na bwawa likiwa tupu, msukumo wake unapita tani 50. Zege la tani 24 halina la kusema mbele ya hizo.

Na si lazima bwawa zima linyanyuke ndipo hasara itokee. Sakafu ya upande wa kina ndiyo inayotangulia. Upande wa chini wa zege uko mita 1.95 kutoka mstari wa maji. Kila mita ya mraba ya sakafu hiyo ina uzito wa kilo 360. Maji ya ardhini yakisimama sentimita 75 tu juu ya kiwango hicho, kila mita ya mraba inasukumwa juu kwa kilo 750. Sakafu inapasuka, mabomba yanakatika, na hakuna pampu ya kulirudisha bwawa chini.

Siku ya 4 na ya 5

Nimetoboa shimo kwa kekee ya mkono, mita moja kutoka ukuta wa upande wa kina, likashuka mita 2.3. Udongo ni wa kichanga, kazi ikawa nyepesi kuliko nilivyohofia hadi mita moja na nusu. Baada ya hapo kila kekee ilikuja na tope. Ndani nikateremsha bomba la plastiki la milimita 50 nililolitoboa matundu nusu ya chini na kulifunga kitambaa ili mchanga usiingie. Juu kuna kifuniko.

Nikaacha usiku mmoja maji yatulie. Kipimo ni uzi wenye nati nzito mwishoni: unateremsha, unasikiliza mlio wa nati kugusa maji, unashika uzi, unapima. Binti yangu mkubwa ndiye mwenye masikio mazuri, kazi nimempa yeye. Vipimo vyote tunahesabu kutoka kiwango cha mstari wa maji wa bwawa, na namba ikikua ndiyo heri, maana maji ya ardhini yameshuka.

Kipimo cha kwanza: mita 1.45.

Nusu mita nzima juu ya chini ya sakafu. Kilo 500 kwa kila mita ya mraba, dhidi ya 360 za zege. Kama ningekausha jana kama nilivyopanga, leo ningekuwa naandika habari nyingine kabisa. Nilimpigia mzee tena kumshukuru. Akaniambia ningoje kiangazi kifanye kazi yake, na nisianze mpaka uzi uvuke 1.95.

Siku ya 12 hadi ya 47

Kungoja. Nimeendelea kuendesha chujio na kutia dawa kama kawaida, kwa sababu bwawa lililosusiwa wiki sita linageuka shamba la mbu.

Vipimo vya kila juma: 1.57. Kisha 1.68. Kisha mvua ya usiku mmoja, ikarudi 1.66, na binti yangu akahuzunika kana kwamba kosa ni lake. Juma lililofuata 1.79, kisha 1.92. Siku ya 47, saa moja asubuhi: 2.05.

Siku ya 38 niliacha kutia klorini. Maji yenye klorini hayafai kumwagwa ovyo. Samaki na wadudu wa majini hufa kwa kiasi kidogo sana cha klorini, na mitaro mingi ya mvua huishia kwenye kijito au mto bila kusafishwa popote. Kwa kawaida jua huila klorini ndani ya siku chache, lakini kwangu ile kinga iliyojaa ilikuwa bado inailinda, kwa hiyo ilichukua siku tisa mpaka kijikaratasi cha kupimia kibaki cheupe. Kipimo cha asidi na alkali kilikuwa 7.4, hakina neno kwa udongo. Mwenye bwawa la chumvi, lile linalotengeneza klorini kutokana na chumvi ya majini, ana kazi nyingine: klorini itaisha lakini chumvi itabaki, na nyasi hazitamsamehe.

Siku ya 48

Saa 12 na nusu asubuhi, kabla ya chochote, nilizima umeme wa pampu kubwa ya chujio, mashine ya kutia dawa na taa ya ndani ya bwawa. Maji yakishuka chini ya mdomo wa pembeni unaovuta takataka, pampu kubwa huvuta hewa na sili yake huungua. Taa nayo hupozwa na maji. Ikiwaka hewani huweza kupasuka. Nimebandika karatasi kwenye kisanduku cha swichi ili mtu asiwashe kwa mazoea.

Pampu ya kuzamisha imepita kwenye kikata-umeme cha miliampea 30, kile kinachozima umeme ukivuja kidogo tu; kiungo cha waya kiko mbali na maji, juu ya kiti. Inashushwa kwa kamba. Waya wake wa umeme si wa kuning'inizia. Na hakuna mtu anayeingia majini ikiwa inafanya kazi, hata kwa dakika moja, hata kuondoa jani. Hilo nililisema mara tatu mezani.

Nilianza saa 1 kamili. Boksi la pampu linasema lita 10,000 kwa saa. Hiyo ni pale isipopandisha maji popote. Saa ya kwanza bwawa lilishuka sentimita 21, yaani lita 6,720. Kila maji yanavyoshuka, pampu inayapandisha juu zaidi na kasi inapungua. Sakafu ya upande wa watoto ilionekana saa 6 na robo mchana.

Maji nilikuwa nayamwaga kwenye nyasi, mita sita kutoka bwawani, nikihamisha mdomo wa mpira kila nusu saa. Nilijiona nimefanya jambo jema: nyasi zinakunywa, hakuna tone linalopotea.

Saa 4, uzi ulisoma 2.05. Saa 6, 1.99. Nikapima tena nikidhani nimekosea. Saa 7 na nusu, 1.86.

Nikazima pampu papo hapo.

Maji niliyokuwa nayatoa bwawani yalikuwa yanazunguka na kurudi chini ya bwawa. Karibu lita 39,000 kwenye udongo wa kichanga, mita sita kutoka ukutani, yangekwenda wapi? Nilingoja wiki sita maji ya ardhini yashuke, kisha kwa asubuhi moja nikayapandisha mwenyewe. Sikuwa nimefika pabaya: sentimita 9 juu ya chini ya sakafu ni kilo 90 dhidi ya 360, na upande wa kina ulikuwa bado na maji ya sentimita 55 yaliyoikalia. Lakini namba ilikuwa inapanda, na sikuwa na njia ya kujua ni kiasi gani zaidi kilikuwa bado njiani udongoni.

Nimeacha lita kama 6,000 ndani. Ndiyo shehena. Jioni nimezungushia kamba na kufunga geti la uzio kwa kufuli, kwa sababu bwawa nusu tupu ni baya kuliko lililojaa: mtu akiteleza anaanguka kwenye zege kwanza, kisha kwenye maji.

Siku ya 49, 50 na 51

1.93. 1.99. 2.03. Hakuna kilichofanyika ila kununua mpira mwingine na kuuunganisha, ufike mita 35, kwenye mteremko wa chini wa kiwanja, mbali na msingi wa nyumba na mbali na shimo la maji taka.

Nilimweleza mzee kwa simu. Hakucheka. Alisema amewahi kuona bwawa lililonyanyuka kwa sababu hiyo hiyo, mwenyewe akiwa amesimama kando ameshika mpira.

Siku ya 52

Nimemalizia. Lita 6,000 zimeondoka kwa muda usiofika saa moja na nusu, na uzi haukusogea. Sentimita mbili za mwisho pampu haizimezi; hizo ni za kopo, ndoo na sponji. Tope la chini lilinuka mayai yaliyooza, majani ya miaka yaliyojibana penye kona. Katikati yake kulikuwa na chura watatu, wazima, wamekaa kimya. Tuliwatoa kwa ndoo na kuwapeleka kwenye kivuli cha kichaka kabla ya kuendelea.

Sasa jambo lililonishughulisha kuliko yote. Penye tundu la sakafuni la kunyonyea maji, chini ya kifuniko chake, kuna vali ndogo ya kupunguza msukumo. Kazi yake ni moja: maji ya nje yakisukuma kuliko ya ndani, inafunguka na kuyaruhusu yaingie bwawani, sakafu isinyanyuke. Ni heri bwawa lijae maji machafu kuliko lipasuke. Niliijua kwa maneno tu, na moyoni nilikuwa nimeitegemea. Siku ile uzi uliposoma 1.86, nilijipa moyo kwamba vali ipo.

Nimeifungua kwa spana. Haikuwa na uwezo wa kufunguka kwa namna yoyote ile. Springi imeoza, kiti chake kimeganda kwa chokaa, na mtu fulani siku za nyuma, wakati wa kupiga plasta, alikuwa ameacha saruji ikakauka nusu ya mdomo. Kwa muda wote huo bwawa letu halikuwa na kinga. Nilikaa sakafuni nimeishika mkononi kwa dakika kadhaa.

Kutoka kwenye tundu halikuja tone. Changarawe ya chini ilikuwa na unyevu tu, na hapo niliuamini uzi wangu kikamilifu. Vali mpya, ya inchi moja na nusu, imeingia kwa mkanda wa kuzuia maji na kukazwa kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana.

Ufa nao umejionyesha: sentimita 40, unaanzia hapo hapo penye tundu kuelekea ukutani, mwembamba kama unywele. Nilimwagia maji kidogo, nikafuta, na mstari ukabaki mweusi wakati pembeni pameshakauka.

Siku ya 53

Alfajiri. Plasta iliyozoea maji haipendi jua kali. Ikikauka ghafla hupasuka na kubanduka. Kwa hiyo kazi yote ni kabla ya saa 4, na kuta tunazinyunyizia maji asubuhi na jioni.

Ufa nimeupanua kwa patasi hadi sentimita mbili, mdomo mwembamba na ndani pana ili kiraka kisitoke, nikausafisha, nikaulowesha, nikajaza saruji ya kuganda haraka, ile inayoshika hata penye unyevu. Inakupa dakika chache tu kabla haijawa jiwe, kwa hiyo unachanganya kiasi cha kiganja, unajaza, unachanganya tena.

Kuta tumezisugua kwa brashi na maji matupu. Madoa mawili yamebaki. Wengi huyaosha kwa asidi ya hidrokloriki, nami nilikuwa nayo, lakini nimeirudisha stoo. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hukusanyika chini, na upande wa kina wa bwawa tupu ni shimo: unayesugua ndiye uliyesimama ndani yake. Ikikutana na mabaki ya klorini hutoa gesi ya sumu. Madoa mawili hayana thamani hiyo.

Siku ya 54 hadi 56

Kiraka kinakomaa. Uzi unasomwa mara mbili kwa siku: 2.04, 2.05, 2.06. Geti limefungwa. Anga nimeliangalia kuliko nilivyowahi kuliangalia maishani. Mvua moja kubwa ingenilazimisha kujaza usiku huo huo, kiraka kiwe tayari au la.

Siku ya 57 na 58

Kujaza. Mdomo wa mpira umefungwa kitambaa na kulazwa upande wa kina, maji yatiririke bila kuchimba kiraka kipya. Nilipima kwa ndoo ya lita 10: imejaa kwa sekunde 30, yaani lita 1,200 kwa saa. Saa 37 na ushei. Sikusimamisha katikati, kwa sababu maji yakisimama muda mrefu kwenye plasta huacha mstari kama pete usiofutika kirahisi.

Sentimita 55 za kwanza ndizo nilizozingoja kwa hamu. Zilipofika, saa 5 baada ya kuanza, shehena ilikuwa imerudi penye sakafu dhaifu, na nililala.

Siku ya 59

Maji yamefika mstarini. Taa na pampu kubwa vimewashwa, hewa imetolewa kwenye chujio. Asidi sayanuriki nimetia gramu 1,340, inatosha miligramu 30 kwa lita, na kuanzia leo klorini ni ya maji, isiyobeba kinga ndani yake. Vidonge vilivyobaki nimeviweka kwa siku za safari tu.

Ndoo imerudi kwenye ngazi, imejazwa hadi alama.

Siku ya 60

Saa 24 zimetimia. Ndoo imeshuka milimita 5. Bwawa, milimita 5.

Binti yangu ameomba bomba la shimoni lisiondolewe. Ameandika tarehe ya leo ndani ya kifuniko kwa kalamu ya wino mzito, na chini yake: 2.06.